Atija Bacar, Mchagua Chekeche wa Palma

Saa nne asubuhi, siku ya pili ya bamvua, maji yamekupwa mbali kaskazini ya mji wa Palma, Msumbiji. Wanawake wametapakaa juu ya mwamba, wameinama, kila mmoja na ndoo yake. Mmoja tu amesimama wima. Atija Bacar, mwenye miaka arobaini na mmoja, yuko ndani ya dimbwi linalomfika magotini, mikono ameifunga mgongoni, na hafanyi lolote.

Amesimama hivyo karibu nusu saa. Mbele ya miguu yake samaki wawili wenye vichwa vya manjano wanajaza mchanga mdomoni. Wanapanda juu kidogo, wanautafuna, na mchanga unawatoka mashavuni kama mvua nyembamba, mweupe kuliko ulivyoingia. Kisha wanashuka kujaza tena.

"Shoga, wenzio tunatafuta kitoweo, wewe unatazama mtu na mkewe wakila," anamtania Belmira, rafiki yake, Mmakonde aliyeteremka kutoka nyanda za juu miaka minne iliyopita na kujifunza mambo ya mwamba kwa kuchekwa.

Atija hageuki. "Yule wa kushoto tumbo limeingia ndani," anasema. "Hawa hawaendi popote. Tutafute wengine."

Hiyo ndiyo kazi yake. Anachagua samaki wa kuishi nyumbani kwa watu, ndani ya tangi la kioo ambalo Palma wote huliita aquário, ili wafanye kazi ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoiweza: kufagia mchanga wa chini kutwa nzima bila kuondoka nyumbani.

Wanawake wa mwamba humwita samaki huyo chekeche, kwa kuwa mchanga anaufanya vile chekeche la jikoni linavyoufanya unga. Halikuwa jina la heshima. Chekeche hana nyama, hana bei sokoni, na aliyemleta nyumbani kwenye ndoo aliulizwa kama ameishiwa na macho.

Leo yupo mtu anayemlipa Atija amlete.

Mambo yalianzia kwenye goti la Bi Sumaia. Huyo ni mama yake Rafique Issufo, mwenye pensão, nyumba ya wageni iliyo karibu na soko. Bi Sumaia aliutembea mwamba huu miaka hamsini, mpaka goti la kulia likakataa. "Bahari siioni tena ila kwenye bakuli la mchuzi," alimlalamikia mwanawe.

Rafique alikuwa amewahi kuona aquário Maputo, kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Aliagiza kioo cha lita mia nne, taa na pampu, akapata kibali cha mawe, matumbawe na samaki wachache, akaliweka tangi sebuleni mbele ya kiti cha mama yake. Kilichokosekana ni mtu anayeujua mwamba. Akamwita Atija, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kutoka Pemba, alikokaa miaka miwili kwa sababu ya vita, na alikuwa akiuza bajia mlangoni kwake. Mshahara ulikuwa meticais elfu nane kwa mwezi, wa kwanza maishani mwake.

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Kisha mchanga ukavaa utando wa kahawia. Atija aliukwangua kwa mkono, na kila baada ya siku tatu ulirudi. Matumbawe yakaanza kujikunja.

Rafique alikuja na picha kwenye simu: chekeche mwenye kichwa cha manjano na mstari wa buluu chini ya jicho. Akasema anamtaka huyo, sebule ipendeze. Atija akamkatalia. Huyo alikuwa amemtazama tangu utotoni. Hupanda na mchanga wake mdomoni na kuumwaga kutoka juu, na chochote kilicho chini yake hufunikwa.

"Patrão, huyo atayazika matumbawe yako yakiwa hai," alimwambia bosi wake. "Nyumba yenye vyombo vya thamani haifagiliwi na mtu anayerusha vumbi."

Yeye alimtaka mwingine, mdogo zaidi, mwenye mistari ya hudhurungi, anayekula akiwa chini na kuutema mchanga palepale alipouokota. Rafique alimwona akasema ana rangi ya tope. Hata hivyo alikubali.

Atija alileta jozi moja. Walifanya kazi siku ile ile, na Bi Sumaia akapiga vigelegele kwa sauti ya kutosha kuwaleta majirani. Siku ya kumi na tisa dume lilikutwa limekufa. Siku ya ishirini na moja jike lilimfuata. Wote wawili walikuwa wamefagia tangu alfajiri mpaka jioni bila kupumzika, na matumbo yao yalikuwa yamebonyea kama mfuko mtupu.

Hapo ndipo Rafique alipochoka. Mwenye mkahawa mmoja, Cândido, alikuwa anataka kulinunua tangi afugie kamba wakubwa wa kuchomea wateja. Ndugu zake Rafique wangekuja Idi kutoka Mtwara na Pemba, naye hakuwa tayari kuwaonyesha dimbwi la ute.

"Dada Atija, sigombi," alimwambia. "Ila Idi ikifika mchanga haujawa mweupe, tangi linaondoka."

Tangi likiondoka, kazi imeondoka. Bi Sumaia aliomba kiti chake kigeuzwe kielekee ukutani. "Hicho ndicho kilichoniuma," anasema Atija. "Bajia ningeuza tena. Lakini yule mama nilimwonyesha bahari, halafu nikamnyang'anya."

Bamvua iliyofuata alirudi mwambani bila ndoo. Alichota mchanga mahali chekeche wenye mistari walipokuwa wakila, akautandaza kiganjani juani, akatulia. Mchanga ukatikisika. Vijidudu vyenye miguu myembamba kuliko unywele vilikuwa vinahangaika kurudi kwenye unyevu.

Belmira alichungulia kiganja hicho akarudi nyuma. "Shoga, mchanga wako una chawa."

Atija aliketi majini na nguo zake zote. Alikuwa ameliona kosa lake, na ni kosa ambalo asingelifanya ila mwanamke aliyelelewa vizuri pwani. Mchanga wa tangi alikuwa ameuosha kama mchele wa harusi, kwa maji baridi ya kisima, mara saba, mpaka ndoo ya mwisho ikatoka safi ya kunyweka. Majirani walimsifu. Kumbe alikuwa ameosha na kumwaga chakula chote. Chekeche wake walichekecha wiki tatu wasipate hata punje.

"Niliwaandalia sahani inayong'aa," anasema, "na juu yake hamna kitu."

Hakulificha. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Bi Sumaia, akapiga magoti kando ya kile kiti kilichotazama ukuta, akaeleza.

"Maji mangapi?" aliuliza bibi huyo.

"Saba, bibi."

Bi Sumaia alicheka mpaka akakohoa. "Hata maiti haoshwi hivyo, mwanangu. Haya, nigeuzieni kiti changu."

Mwezi mpevu wa Shaabani, Atija aliutoa mchanga wote uliooshwa. Kwa siku nne alibeba ndoo tisa za mchanga mbichi kutoka pale pale chekeche walipokula, akauweka ukiwa na tope lake, vijigamba vyake na chawa wake. Halafu akafanya jambo gumu kuliko yote. Alisubiri.

Kwa mwezi mzima alikataa kuweka samaki hata mmoja. Vijidudu vizaliane kwanza, alisema, wageni waje wakute mezani pamejaa. Utando wa kahawia ulirudi, mnene kuliko mwanzo. Rafique aliuliza kila siku, na kila siku alijibiwa kwa upole, isipokuwa siku moja.

"Patrão," Atija alimwambia siku hiyo, "chawa hawazaliani kwa amri ya serikali."

Ramadhani ikaingia. Rafique akaenda Pemba kununua bidhaa za Idi. Kabla ya kuondoka alimwambia Cândido aje kupima tangi tarehe ishirini na tisa ya mfungo. Hakuficha kwamba hana matumaini.

Tarehe kumi na saba, jua likiwa kali na midomo ya wafungaji imekauka, Atija na Belmira waliingia mwambani wakiwa na capulana moja, kitambaa kama kanga. Belmira ni Mkristo, lakini chupa yake ya maji aliificha chini ya nguo ufukweni na hakuigusa mpaka walipotoka. Walikagua jozi tano. Mbili matumbo yaliingia ndani. Moja ilikuwa na jike lililochanika pezi. Ya nne iliingia shimoni na kubaki humo.

Jozi ya tano ilikuwa imenona, na ilikula bila kuwajali.

Kuna sheria mwambani ambayo mtoto wa kike hufundishwa kabla ya kufundishwa kupika. Jiwe ulilolifunua lirudi lilivyokuwa, na wanaoishi shimo moja usiwatenganishe. Chekeche akibaki mjane huacha kula. Kwa hiyo wanawake hao wawili waliilaza capulana mchangani, wakashika ncha, wakangoja wote wawili wapite juu yake, ndipo wakainyanyua. Saa nzima kwa tendo la kufumba na kufumbua. Kabla ya kuondoka, Belmira aliinama akalirudisha jiwe la mlangoni mwa shimo.

"Nani anajua," alisema, "labda kuna mwingine anatafuta nyumba."

Atija alilifunika tangi kwa kipande cha wavu wa dagaa, maana chekeche akishtuka huruka nje, na hakuna atakayemrudisha. Siku mbili samaki walijificha nyuma ya jiwe. Siku ya tatu walitoka. Kila asubuhi Atija alichuchumaa mbele ya kioo na kutazama matumbo kabla hajatazama mchanga.

Tarehe ishirini na tisa Cândido aliingia na futikamba. Alisalimia, akapima upana, akapima kimo, akainama kupima urefu. Hapo futikamba ikasimama. Ndani ya kioo mchanga ulikuwa mweupe toka ukuta hadi ukuta. Matumbawe yalikuwa yamekunjuka. Samaki wawili wenye rangi ya tope, matumbo yamejaa, walipita wakichekecha bega kwa bega.

Bi Sumaia alikuwa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi. "Pima mlango, baba," alimwambia. "Ndiko unakopitia. Tangi lina wenyewe."

Rafique alifika jioni akiwa na masanduku yake. Wanaosimulia wanasema aliyaweka chini pale pale mlangoni, akasimama mpaka adhana ya magharibi. Siku ya Idi watoto wa ndugu zake walipanga foleni sebuleni, na Bi Sumaia aliwapa kila mmoja muda wake, kama bilheteiro, mkata tiketi wa sinema. Lile dume alilipa jina la marehemu mumewe. "Alikuwa hivyo hivyo," anaeleza. "Anatafuna kutwa, na hashukuru."

Mshahara wa Atija sasa ni elfu kumi na mbili. Lakini ushindi anaoupenda ulikuja wiki moja baada ya Idi, Cândido alipobisha hodi mlangoni kwake, safari hii bila futikamba. Mkahawa wake unataka aquário. Si ya kamba. Ya kutazama.

Ndiyo maana leo yuko dimbwini na vichwa vya manjano. Tangi la mkahawa litakuwa refu, lina mawe na mchanga tu, tumbawe hata moja halimo, na mmwaga mvua ya mchanga hatamzika mtu. "Kila nyumba na ufagio wake," anasema. "Rangi naitazama mwisho. Kwanza tumbo, pili mdomo, tatu mwenzake yuko wapi."

Malipo yake kutoka kwa Cândido hakuyataka kwa fedha. Ameomba vioo, vya kutosha matangi matatu madogo. Anataka kuyapanga uani kwake, chini ya bati, awe anawapokea chekeche kutoka kwa wanawake wa mwambani, awakalishe mpaka wale vizuri, ndipo wapelekwe kwa watu. Mshirika wake ni Belmira. Pensão nyingine mbili zimeshauliza.

Saa tano kasoro jozi nyingine inatokea ukingoni mwa dimbwi, matumbo yamejaa. Belmira hahitaji kuitwa. Anaweka ndoo yake ya kitoweo juu ya jiwe, anashika ncha ya capulana, na wote wawili wanatulia.

Kibao cha uani kwake kimeshachongwa, kinangoja rangi tu. Atija hajui sana kuandika, hivyo maneno ameyatamka na binti wa Belmira akayaandika. Ni matatu: HAPA MCHANGA HAUOSHWI.