Mwiko wa Mama

Juzi niliona miko dukani Ukunda, yote unene mmoja, kana kwamba wanawake wote wana mkono mmoja. Nikatoka bila kununua.

Mama yangu alipika halwa, na halwa ndiyo iliyotulisha pale Waa. Karai la moto lilipompindukia akaungua mkono wa kulia, vidole vilikataa kukunjika, mwiko ukawa unamponyoka. Halwa isiyokorogwa hushika chini ya karai. Tukaanza kula muhogo mtupu.

Alasiri moja baba alimpa donge la unga uliokandwa. "Shika, Mama Salimu. Kaza uwezavyo."

Mama akakaza, na alama ya mkono ule mbovu ikabaki kwenye unga. Nilicheka, nikidhani ni mchezo. Baba akachonga mwiko wa mti wa mkwaju, mpini ukifuata alama ile, akimpimisha mama mara kwa mara, na vumbi la mti likimjaa kwenye nyusi.

Karai liliponukia iliki, mama alikuwa bado anakoroga. "Hauniponyoki, Baba Salimu! Hauniponyoki!" Akampakulia yeye kwanza.

"Mpe mtoto," baba akasema, akitazama pembeni.

Niliila yote, nikalamba na vidole. Nilidhani hapendi tamu.

Mimi si mtu wa kulialia. Shule sikumaliza na nyumba ya mawe nimejenga. Lakini nilikuwa nimeshaota ndevu mama aliponiambia kwa nini karai lilimpindukia: baba aliahidi kuyachimbia mafiga yasiyumbe, akaenda kucheza bao. Hakuonja halwa ya mama tena mpaka anakufa, na kila sahani yake niliila mimi, kwa furaha.