Muzee Grégoire Apangusa Fromaji ya Watu

Muzee Grégoire aliporudi kutoka Uingereza, watu wa Katoyi, mtaa wake hapa Goma, walijaa kwake kana kwamba kuna matanga. Dada yake mdogo, Mama Charline, alipanga viti mpaka nje, juu ya mawe meusi ya volkano, na bado vilipungua. Kiti cha mbele kabisa kilikuwa kimeshakaliwa na Papa Jean de Dieu, fundi cherehani wa jirani, mutu asiyekubali habari impite.

— Muzee, tuambie basi. Kule ni kuzuri?

Muzee Grégoire alikunja pua, akageuka pembeni, akatema mate.

— Ni kuchafu.

Watu wakacheka, wakidhani anawatania. Hakuwa anawatania hata kidogo.

Ili umwelewe, lazima ujue kwanza kazi yake. Muzee Grégoire anatengeneza fromaji, yaani jibini ya maziwa ya ng'ombe, tangu alipokuwa kijana kule milima ya Masisi. Vita vilipomteremsha Goma hakuja na ng'ombe hata mmoja, lakini mikono alikuja nayo. Maziwa yanamfikia kwa pikipiki, ndani ya bidoni, yaani madumu. Anayapasha moto, anayagandisha, anayakamua maji, halafu anaweka maduara yake ya fromaji juu ya mbao katika chumba cha nyuma, chumba chenye giza na baridi. Kila asubuhi, kabla hata ya kusali, anageuza duara moja moja na kulipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Ndiyo maana fromaji yake ni ya manjano na inang'aa kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Kitu anachokichukia duniani ni ukungu. Fromaji ikishika ukungu, hata wa ukubwa wa ukucha, anaibeba mbali na mwili wake, kichwa amekigeuzia upande, mpaka kwa nguruwe wa jirani. Akirudi ananawa mpaka kwenye viwiko. Na si ukungu tu. Kwenye harusi anakwenda na kijiko chake ndani ya mfuko wa shati. Ukimpa kikombe anakipeleka kwanza kwenye mwanga.

Wenye kazi hiyo kule Masisi wana desturi yao pia. Ukipita sokoni ukaona fromaji ya mwenzako imeshika ukungu, husemi. Ukisema, wanunuzi watasikia, na mwenzako ameharibikiwa. Unasogea polepole, unatoa kitambaa chako, unaomba chumvi, unaanza kupangusa kama vile mnapiga tu hadithi. Mwenye mali ataelewa. Siku yako ikifika, naye atakupangusia.

Sasa, Muzee ana mtoto mmoja tu, Bénita. Alikimbia akiwa msichana, akapitia kambi ya Uganda, na mwisho akachukuliwa na wenye kupeleka wakimbizi Uingereza. Siku hizi anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Mama yake alipokufa, na vita vikaingia mpaka ndani ya Goma, hakulala vizuri tena. Alipigana na karatasi mpaka baba yake akapata ruhusa ya kumtembelea, akapitia Kigali, akapanda ndege.

Kutembelea lilikuwa jina tu. Bénita alitaka baba yake abaki kabisa. Muzee naye alikuwa amebeba lake moyoni, bila kumwambia mutu: alitaka kujua kama mtoto wake atarudi nyumbani siku moja.

Siku za kurudi zilipokaribia, Bénita alimpandisha basi asubuhi.

— Papa, leo nakupeleka kwenye muji muzuri kuliko yote. Ni siku ya soko. Batu banatoka mbali kuuangalia. Tukirudi jioni, unipe jibu. Unabaki ao unaenda?

— Acha kwanza nione, Muzee akajibu.

Mji wenyewe una jina ambalo mpaka leo hajaweza kulitamka. Anasema linaanza vizuri halafu linaisha kama chafya. Nyumba zake ni za mawe ya rangi ya asali, zimebanana, nyingine zimeinama kama wazee wanaotafuta fimbo zao. Maua yananing'inia kwenye nguzo za taa. Barabarani hakuna hata ganda la ndizi. Bénita alisimama katikati ya uwanja, akafungua mikono.

— Ona, Papa! Si paradiso?

Muzee aliona mbwa.

Mbwa walikuwa kila mahali. Mmoja mkubwa, mwenye manyoya mpaka machoni, alimwaga kinyesi chake mbele ya duka la mikate. Mama mwenye mbwa, mama mzima mwenye lulu shingoni, akainama, akaokota kile kitu kikiwa bado cha moto, ndani ya kimfuko chembamba. Muzee alingoja akitupe. Hakukitupa! Alikining'iniza kwenye kidole, akaingia dukani na mbwa wake, na kwa mkono uleule akaonyesha mkate anaoutaka. Alipotoka, akamega mkate, akampa mbwa, mbwa akamlamba mdomoni. Mama akacheka.

— Bénita, umeona?

— Nimeona, Papa.

— Na hautapiki?

— Papa, punguza sauti.

Wakaenda sokoni. Karoti zilikuwa na udongo wake mzima, kama vile zimeng'olewa na mwizi. Mama Charline, anayeuza mboga Goma na kusugua kila karoti mpaka ionekane sura yako, angelia. Bénita akaeleza kwamba ya udongo ndiyo inapendwa na wenye pesa. Kwenye duka la nyama, ndege wenye mikia mirefu walikuwa wananing'inia kichwa chini, manyoya yote juu yao, macho wazi.

— Bamekufa lini, hawa?

— Wiki moja, labda. Banaacha nyama ilegee kidogo.

— Ilegee! Sema ioze.

Walipochoka, wakanunua chai ya kikombe cha karatasi. Muzee, ambaye hapendi kitu kipotee, akaweka mfukoni vile vikaratasi vya chumvi vilivyokuwa mezani. Wakatafuta pa kukaa, na Bénita akamwingiza katika ua wa kanisa, penye majani mazuri ya kijani. Watu walikuwa wamekaa wanakula. Muzee akatazama wanachokikalia. Makaburi! Makaburi ya mawe, yenye misalaba na majina, na kijana mmoja alikuwa ameweka chupa ya soda juu ya jina la mutu.

Hapo Muzee hakutema. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akanywa chai yake akiwa amesimama.

— Bamekufa zamani sana, Papa, Bénita akasema. Hata jamaa zao hawako tena.

— Kwa hiyo mama yako naye, siku nyingine, batamukalia?

Bénita akamshika mkono, wakarudi sokoni, na sasa alikuwa anatembea haraka kama mutu aliyebakiza kitu kimoja tu cha kuonyesha.

— Kuko kitu nimekuwekea mwisho. Utafurahi. Kuko mama anauza fromaji.

Kweli, uso wa Muzee ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Meza ilikuwa ndefu, na nyuma yake mama mmoja mnene, mashavu mekundu, aproni nyeupe, alikuwa anapimia watu. Muzee akasogea, mikono nyuma, kama mkaguzi. Halafu akasimama.

Fromaji zilikuwa zimekufa. Nyingine zilikuwa na ngozi ya kijivu yenye manyoya kama mgongo wa panya. Nyingine zilikatwa katikati, na ndani, ndani kabisa, ukungu wa buluu ulikuwa umetambaa kama mishipa kwenye mguu wa mutu mgonjwa. Harufu yake ilikuwa ya soksi, ya zizi, na ya kitu cha tatu ambacho Muzee hakutaka kukifikiria.

Moyo wake ukaingiwa na huruma. Maskini, mama huyu! Mali yake yote! Na wanunuzi wamepanga mstari, hawajaona bado!

Bénita alikuwa anatafuta pochi yake. Muzee hakusema neno. Alitoa leso yake safi, akapasua vikaratasi vya chumvi, akamwagia maji ya chupa, akasogea pembeni ya meza na kuchukua duara lenye manyoya kuliko yote. Akaanza kupangusa, taratibu, akitazama juu kana kwamba anahesabu mawingu. Manyoya yakatoka. Chini yake ngozi ikatokea, nyeupe, imeona haya. Akamwonyesha mama mwenye mali tabasamu dogo la siri, lile la wenye kazi moja.

Mama mwenye mali akapiga kelele.

Mstari mzima ukageuka. Bénita akakimbia, akaona leso, akaona duara lililonyolewa, akashika kichwa.

— Papa! Unafanya nini?

— Namusaidia kabla batu hawajaona! Muzee akanong'ona. Mwambie hata miye imenifikaka. Mwambie alete chumvi ingine, tutamaliza.

— Papa, ule ukungu ndiyo fromaji yenyewe! Banauweka bo benyewe! Bananunua sababu yake!

Muzee alimtazama mtoto wake kama mutu aliyeambiwa kwamba watu wa mji huu wananunua malaria.

Bénita akaeleza kwa Kiingereza, uso ukimwaka, akionyesha leso, akionyesha baba. Yule mama alisikiliza akiwa amekunja mikono. Polepole mikono ikafunguka. Akacheka, cheko kubwa la tumbo, akamzungukia Muzee, akamshika viganja na kuvigeuza, akiangalia ngozi iliyoliwa na chumvi. Vyake vilikuwa vilevile. Kisha akachukua kisu, akakata kipande cha ile ya buluu, akampa.

Utafanya nini? Mwenye kazi amekukatia. Muzee akakimega, nusu akampa Bénita, akafumba macho, akaweka yake mdomoni.

Anasema kwanza ilikuwa chumvi, na akapata tumaini. Halafu ile buluu ikafunguka. Ilipanda puani, ikateremka kooni, ikawa kama amelamba ukuta wa choo cha soko wakati wa mvua. Machozi yakamtoka. Akageuka, akatema vyote ndani ya leso, akaikunja mara nyingi, akabaki ameishika asijue aizike wapi.

Bénita alikuwa bado na nusu yake mkononi. Bila kufikiri, akakiweka mdomoni. Akatafuna taratibu, akafumba macho, akalamba kidole.

Muzee aliona. Huyu ni yule mtoto ambaye kule Masisi alikuwa anamshikia kitambaa asubuhi, na akinusa ukungu kidogo tu anakimbilia nje kutapika, na mama yake anacheka: huyu ni wa baba yake kabisa. Alimtazama anavyolamba kile kidole, na lile swali alilolibeba kutoka Goma likaanguka lenyewe. Hatarudi.

Ndani ya basi, wala hakungoja jioni.

— Bénita, miye naenda.

— Juu ya fromaji, Papa? Juu ya mbwa?

— Hapana. Weye umeshafika huku. Unakula kama bo na hausikii kitu. Nimefurahi, mwanangu, kweli nimefurahi. Lakini miye nikibaki, nitakuwa natema kila siku. Utachoka kunionea haya.

Bénita alilia mpaka kwenye kituo cha mwisho, na Muzee akamfutia machozi kwa mkono wa koti, kwa sababu leso unajua iko na nini.

Hayo aliwasimulia watu wa Katoyi, na Papa Jean de Dieu akaanguka kutoka kitini kwa kucheka. Walipotawanyika, Muzee akaingia chumba cha nyuma kuangalia maduara yake. Mama Charline alikuwa ameyageuza vizuri, isipokuwa moja lililosukumwa nyuma ya mbao, penye unyevu. Ukungu ulikuwa umelivaa lote, na kwenye ufa mmoja ulikuwa wa buluu.

— Lete hilo nipelekee nguruwe, Mama Charline akasema.

Muzee alilishika mbali na mwili, kichwa upande. Halafu akalisogeza puani, akalinusa. Kisha akalirudisha juu ya mbao, peke yake, mbali na mengine, akalifunika kitambaa, akaenda nje kutafuta mahali simu inapokamata.

— Bénita? Ile uchafu yako imezaliwa hapa kwangu. Inanuka sawa kabisa. Nimeiweka. Sitaipangusa. Lakini usikawie kuja, maana sijui nitavumilia mpaka lini.

Akatema mate, akaingia ndani kunawa.