Kibuyu cha bibi kinanukia sabuni

Bwana asifiwe wapendwa, mmeamkaje? Mimi leo sijatulia.

Binti yangu Neema kaosha kibuyu cha maziwa cha bibi yake kwa sabuni ya unga.

Kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha moto, kinukie moshi, jamani.

Nikafoka, "Mimi umri wako nilikuwa nakamua, vibuyu vyote nasafisha mwenyewe."

Akajibu taratibu, "Mama, mimi ulinifundisha lini? Kila nikishika kazi unaniambia nikasome."

Nikachukua kijinga, nikampa.

Mama yangu, bibi mwenye kibuyu, anashuka kesho kutoka kijijini Nainokanoka, na maziwa hanywi kwenye kikombe, ni kibuyuni tu.

Tumesugua kwa kijinga mara tatu, Neema mwenyewe kakishika, mimi namwelekeza. Amejua. Lakini kibuyu bado kinanukia maua ya sabuni.

Harufu hii inatolewaje? Nijibuni leo, tafadhali.