Gunia Juu ya Spika

Wiki hii sijatulia. Nakaa, nasimama, naenda kuangalia barabara. Jumanne nilikuwa Roret, kwa duka ya kutengeneza redio, na vijana wangu wawili wakaanza kugombana mbele ya watu. Na Jumamosi wanapiga gitaa pamoja kwa harusi ya dada yao!

Amplifaya ya marehemu baba yao iliharibika, kwa hivyo kitinda mimba ameweka ingine ya programu ndani ya simu, inafanana na ile mpaka sauti. Lakini ya mzee ilikuwa na vifungo mbili tu. Huyu akaongeza ya tatu, ya kupunguza ukali.

"Toa hiyo kitu," mkubwa akasema. "Mzee hakuwa nayo."

"Na ikichoma watu masikio?"

"Ichome. Iwe orijino ama sipigi."

Akaanza kurudisha gitaa kwa begi. Mwenye duka akajifanya anatafuta waya. Mimi nikagonga kaunta, nikamgeukia mkubwa.

"Wewe, unakumbuka gunia ya majani chai mzee alikuwa anafunika spika nayo?"

"Si ilikuwa ya vumbi, Mama?"

"Vumbi gani! Hiyo spika ilikuwa inalia kama bati ikikatwa. Alikuwa anasema angepata kifungo ya kuituliza, gunia ingerudi shambani."

Mkubwa akatoa gitaa tena. Akazungusha ile ya tatu kidogo, akagusa nyuzi, akafunga macho.

Nyinyi mnaotaka kila kitu iwe vile ya wazee, ulizeni kwanza wazee walikuwa wanalalamikia nini. Jumamosi gunia nitabeba, lakini ni ya kukalia.