Nilichosema Padang Besar

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainingoji niketi nitulie ndipo niikumbuke. Hunijia nikikaanga samaki, hunijia nikiwa ndani ya basi kwenda Edmonton kazini, na ikishanijia siku yote huharibika. Sikuwa na nia ya kumsimulia mtu. Lakini Mama Zawadi amenidokeza kanisani kwamba Alhamisi unakwenda Croydon kuhojiwa na watu wa uhamiaji, na kwamba yupo mtu hapa hapa London, Tottenham, ambaye ameshakukalisha akakufundisha la kusema. Najua wanavyofundisha. Mimi pia nilikalishwa.

Niliingia Uingereza hii mwaka wa tisini na saba, msichana bado, kiuno chembamba, usicheke. Nilipokewa katika fleti ya ghorofa ya nane, lifti mbovu, na mwenye kutupokea alikuwa Papa Deo, mtu wa kwetu Kivu, Kongo. Alikuwa mwema kweli. Hakumnyima mgeni godoro hata mara moja. Na desturi ya nyumba ile ilikuwa hii: kabla hujaenda Croydon, unaketi kwenye meza ya jikoni, Papa Deo anavaa miwani na kujifanya ofisa, wewe unajibu. Ukikosea anakurudisha mwanzo, na wenzako wanakusahihisha huku wakimenya viazi.

Zamu yangu ilipofika akaniuliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye mmoja, Mugisho, mdogo wangu. Wazazi wetu walikufa mapema, mimi ndiye niliyembeba mgongoni, mimi ndiye niliyempeleka shule siku ya kwanza akilia njia nzima. Watu walipokimbia vita kutoka Uvira tulipotezana barabarani, yeye akaenda na majirani, mimi nikasukumwa upande mwingine. Nikasema sijui aliko.

Papa Deo akavua miwani. "Ukisema haujui, batakuambia uende umutafute," akasema. "Sema alikufa. Mutu mwenye hana mutu, habana pa kumurudisha."

Basi nikasema alikufa. Nilisema Croydon, mbele ya ofisa na mkalimani, nikataja na mahali na namna. Nililia pia, mwanangu, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza, kwa maana nilipomaliza kulisema niliona kama kweli. Wakaandika, wakanisomea, nikatia sahihi kila ukurasa. Karatasi zangu zilitoka. Nyumba nzima ilinipikia pondu, kile kisamvu cha kwetu, na samaki, na Papa Deo akaomba kwa sauti kubwa hadi jirani akagonga ukuta.

Ikapita miaka. Nikawa nahudumia wazee katika nyumba moja huko Edmonton, si mbali na hapa, nikawaogesha, nikawalisha, nikajifunza kupenda chai yao isiyo na ladha. Nikapata na pasipoti ya hapa, ile nyekundu. Ilikuwa haijatimiza miezi mitatu pale simu ilipolia nikiwa napiga pasi.

"Yaya, usilie. Niko muzima," sauti ikasema. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na aliyeniita hivyo alikuwa mmoja tu. Kisha ikauliza, "Balikuambia nilikufa?"

Nikazima pasi. Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye niliyewaambia watu.

Mugisho alikuwa Bangkok, namba yangu imemfikia kupitia watu wa kwetu. Mtu fulani alimwahidi kumfikisha Kanada, akamwacha kwenye hoteli na sanduku moja. Siku zake za kukaa Thailand zilikuwa zinakwisha, na aliyekutwa pale siku zake zimepita alifungiwa ndani pamoja na mamia ya wengine, bila kujua atatoka lini. Lakini alikuwa amehangaika hadi akapata viza ya kuingia Malaysia, na Kuala Lumpur lilikuwapo kanisa la watu wetu lililokuwa tayari kumpokea. Alichoniomba ni kitu kimoja tu. Nije tupande treni pamoja, tuvuke pamoja, kwa sababu alisikia mtu mweusi akifika mpakani peke yake huulizwa maswali mpaka treni inamwacha. "Bakikuona wewe na pasipoti yako ya London, bataniacha nipite," alisema.

Nikaenda. Nilimkuta kwenye kituo cha treni cha Bangkok, mrefu kuliko mimi, ndevu, na bado anatembea akiburuta kisigino kama alipokuwa mtoto. Sitakueleza tulivyokumbatiana. Watu walitupisha.

Treni iliondoka mchana. Tulizungumza mpaka mhudumu akaja kututandikia vitanda, asubuhi akavikunja, tukazungumza tena. Nilimweleza kila kitu cha London isipokuwa kile kimoja. Nilijiambia nitamweleza tukishavuka, tukiwa tumeshiba, na labda tutacheka. Kwenye kituo cha Hat Yai wauza vyakula wakapita madirishani, Mugisho akanunua wali na kuku kwenye vifuko viwili, akavifunga fundo, akaviweka karibu na dirisha. Akasema hatuli mpaka ng'ambo. Alikuwa ameambiwa pia kwamba Malaysia saa zao ziko mbele, akanitania, "Yaya, ile ngambo tutafika tumeshazeeka saa moja."

Padang Besar ni kituo cha ajabu. Nchi mbili zimekaa ndani ya jengo moja. Unashuka treni, unapanga foleni, Mthai anakugongea muhuri wa kutoka, unatembea hatua chache, Mmalaysia anakugongea wa kuingia, unarudi kwenye kiti chako. Wenyeji waliokuwa mbele yetu walipita kama watu wanaoingia sokoni. Wathai wakamgongea Mugisho muhuri wa kutoka, na ilikuwa siku yake ya mwisho kabisa. Mimi nikatangulia kwa Wamalaysia. Ofisa, mama mmoja mwenye hijabu ya buluu, hakuniangalia hata usoni. Muhuri, pita.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni niliposikia naitwa. Mugisho alikuwa bado mbele ya yule mama. Alikuwa ameulizwa kama anasafiri peke yake, naye akajibu, kwa furaha kabisa, kwamba hayuko peke yake, yule pale ni dada yake.

Nikarudi, yule mama akaichukua pasipoti yangu, akaiweka kando ya ile ya Mugisho na kuzitazama. Wewe unajua kwetu kila mtoto hupewa jina lake, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi. Kwake yeye sisi tulikuwa watu wawili weusi tu, mmoja Mwingereza na mmoja Mkongo. Hakuwa mkali, nataka ulijue hilo. Alinisogezea fomu na kalamu akasema niandike jina langu, jina la huyu bwana, ni nani kwangu, na anwani yangu ya London, kisha nitie sahihi. Akasema ni hivyo tu, treni haijaondoka.

Nilishika ile kalamu. Na pale pale nikaiona meza ya Croydon. Nikaona sahihi yangu chini ya maneno kwamba Mugisho amekufa, na sasa natakiwa kutia sahihi ile ile chini ya maneno kwamba yuko hai na amesimama kando yangu. Nikawaza kwamba karatasi hii itasafiri, itafika London, mtu atazilinganisha, watanipokonya pasipoti, watanirudisha. Sikumfikiria Mugisho hata kidogo, mwanangu. Watu hupenda kusema walipambana na nafsi. Mimi sikupambana.

Nikaiweka kalamu chini. Nikasema, "Simfahamu. Tumekutana ndani ya treni."

Nilisema kwa Kiingereza kizuri, kile nilichojifunza kwa wazee wa Edmonton.

Mugisho alikuwa anajua Kiingereza cha kutosha. Aligeuka akanitazama, akasema kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Yaya, ni miye."

Nami nikajitia hamnazo. Nikatazama ukuta.

Kilichofuata ndicho kinachonifuata mpaka leo. Nadhani aliona uso wangu ulivyokuwa, akajua kuna kitu ninakiogopa, hata kama hakujua ni nini. Akamgeukia yule mama akasema samahani, amekosea, mimi nimefanana na dada yake. Akatabasamu hata. Yule mdogo wangu niliyembeba mgongoni alinisaidia kumkana.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja. Kisha akafunga pasipoti ya Mugisho na kumwita askari. Mtu aliyedanganya kuhusu anayesafiri naye haingii. Wakamrudisha zile hatua chache hadi upande wa Wathai, ambako alishagongewa kutoka na hana ruhusa ya kuingia tena. Nilimwona amesimamishwa kando ya benchi, sanduku miguuni. Hakunipungia mkono. Nadhani alikuwa bado ananilinda.

Filimbi ikapigwa. Ningeweza kurudi mle ndani na kusema maneno matatu. Nilipanda, nikakaa. Vile vifuko viwili vya wali vilikuwa bado dirishani, mafundo yake hayajafunguliwa. Nilifika navyo Butterworth, mwisho wa reli, nikashuka navyo, nikakaa navyo kituoni mpaka mfagiaji akaniuliza kama ni takataka.

Miezi minne baadaye ilikuja kadi moja kutoka Bangkok, kutoka kule wanakofungia watu. Aliandika mistari miwili. Alisema nisijisumbue, anajua nilikuwa na sababu. Ningetukanwa ingekuwa nafuu. Niliandika barua, nikaandika nyingine, zote zilirudi. Nilirudi Bangkok mwaka uliofuata nikaambiwa jina hilo halimo. Hawakujua kama alihamishwa, au alirudishwa, au ni kitu gani.

Nikaenda kwa shirika moja hapa London linalotafuta watu waliopotea. Bibi aliyenipokea alinisikiliza vizuri, akanipa maji, kisha akaomba kitu kidogo tu: karatasi yoyote ya serikali yoyote inayoonyesha kwamba mimi na Mugisho ni ndugu. Bila hiyo kule Bangkok hawatamfungulia mtu mafaili. Nilikaa nikifikiria. Vyeti vya kuzaliwa hatukuwahi kuwa navyo. Parokia ilichomwa pamoja na vitabu vyake. Fomu ya Padang Besar niliiacha tupu. Dunia nzima ilikuwa na karatasi moja tu iliyoandika majina yetu mawili pamoja kama ndugu.

Nikaandika Croydon kuomba nakala ya faili langu. Ilikuja kwa posta ndani ya bahasha nene. Nilikuwa nimeiogopa bahasha ile miaka yote, na kumbe ilitumwa na mtu ambaye hakuuliza swali hata moja. Kurasa zilikuwa safi, hazina mkunjo. Sidhani kuna aliyezigusa tangu siku niliyotia sahihi.

Nikampelekea yule bibi. Alisoma ule ukurasa, akausoma tena, akavua miwani kama Papa Deo. Akaniuliza kwa upole, "Hapa umeandika alikufa. Sasa tumtafute nani?"

Ndiyo hivyo, mwanangu. Nilirudi nyumbani kwa treni ya chini ya ardhi, nikasimama njia nzima ingawa viti vilikuwa wazi. Wanangu niliowazaa hapa waliniuliza kwa Kiingereza chao kama naumwa, nikasema ndiyo. Wanajua walikuwa na mjomba aliyefia vitani. Hivyo ndivyo nilivyowaambia walipokuwa wadogo, na sijapata ujasiri wa kuwaambia vingine.

Sikusimulii ili unihurumie, wala sina dawa ya kukupa. Papa Deo amefariki, Mungu amrehemu, na simlaumu, kwa sababu mdomo uliosema ulikuwa wangu, mara zote mbili. Ninachokushauri ni hiki, na ukishike hata kama aliyekufundisha ataninunia. Alhamisi wakikuuliza una nani, wataje. Taja mama yako, taja kaka zako, taja na yule ndugu yako mlemavu ambaye umeambiwa atachanganya habari. Taja majina yao yote kama walivyoitwa nyumbani, na uhakikishe mkalimani ameyaandika sawasawa kabla hujatia sahihi. Ambaye hujui aliko, sema hujui aliko. Sikuahidi kwamba watakupa karatasi. Huenda wakakunyima, huenda ukakaa miaka ukingoja, na ni mateso, nimeyaona. Lakini karatasi utakayoipata kwa kumzika mtu aliye hai itakudai umzike tena kila utakapoulizwa, na siku moja utaulizwa yeye akiwa amesimama kando yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye lile jengo refu la Croydon, akulainishie moyo wa atakayekuketisha, na majina ya watu wako yasikukwame kooni. Watu wako wakuone tena wakiwa wazima, nawe uwaite kwa sauti mbele ya ofisa yeyote. Na ukipata nafasi ya kuomba, niombee Mugisho. Ni ndugu yangu. Sijui aliko.