Mvua ya Kibuyu

Mvua ya kwanza ikigonga mabati, majirani zangu humshukuru Mungu. Mimi hukasirika. Vidole vyangu huanza kuchezacheza vyenyewe juu ya meza, vikiufuata ule mlio, na puani hunijia harufu ya tope kavu la Minjila linapochimbuliwa. Usinione mwehu, msomaji. Nina sababu.

Kazi yangu ni takwimu. Wenzangu ofisini hunicheka kwa kuwa saa ya chakula mimi husoma habari za viumbe walioishi kabla hata ya dinosaria, huku masikioni nasikiliza ngoma. Huniuliza hayo yanahusiana vipi na hesabu. Huwa sijibu. Kunyamaza nilifundishwa na Shangazi Mariamu, dada yake marehemu baba.

Mama aliishi Nanighi, mbali huko juu ya mto, nami nikapelekwa kwa Shangazi, Minjila, ili nisome Garsen jirani. Shangazi alikuwa na sauti mbili. Moja ya kugomba, na hiyo haikuwa na madhara. Ya pili ilikuwa tamu: "Rehema, mwanangu, hebu njoo kidogo." Nami mjinga niliitika "Abee!" nikaenda mbio, na nikifika nilikuta fimbo imefichwa nyuma ya leso, kwa sababu ya sufuria iliyoungua au mbuzi aliyeingia migombani. Binti yake Eliza, akiitwa kwa sauti hiyo, alijikunyata migombani kimya mpaka hasira zipoe. Eliza hakuchapwa.

Mwaka ule mto ulinywea, mabwawa yakakauka, tukawa tunakula samaki wa tope. Huenda wewe unamjua kwa jina la kamongo. Maji yakiisha hujizika ardhini, akajiviringisha ndani ya ute wake uliokauka, akapumua kwa kitundu kidogo na kungoja mvua hata kwa miezi. Kwetu hatukuchimba ovyo. Unafudikiza nusu ya kibuyu juu ya udongo na kukigonga kwa ncha za vidole. Samaki akidhani masika yamefika, huguna huko chini, mguno mzito wa mtu aliyekatizwa usingizi. Mwenzako aliyelaza sikio chini huonyesha mahali, na jembe hufuata.

Kupiga mvua hiyo si kazi ya kila mtu. Wengi hugonga kama wanaobisha hodi. Mimi nilikuwa na vidole. Nilijua kwamba mvua husitasita kwanza, hudondosha tone hapa na tone pale, hunyamaza kama imeghairi, kisha humwagika. Shangazi alinisifu mbele za watu: "Huyu mtoto akipiga, hata mimi nataka kukimbia kuanua nguo." Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini kila mguno uliponijibu niligeuza uso, maana niliijua sauti tamu na nilijua kinachoifuata.

Kisha samaki wakaacha kuitika. Nilipiga upande wa mashariki wa bwawa, nikapiga katikati, nikarudi. Kimya.

"Piga vizuri! Hiyo ni mvua gani, ya Bangale kusikonyesha?" Shangazi alifoka.

"Napiga kama jana, Shangazi."

"Jana walisikia. Leo una makusudi wewe. Wataka tufe njaa." Akanivuta sikio mpaka nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu. "Sikio la kufa halisikii dawa! Sasa sikia. Wasipoitika kufikia Jumapili, shule basi. Siwezi kulisha mkono usiofanya kazi."

Nilipiga mpaka ncha za vidole zikachanika. Jumamosi, ng'ombe wa jirani zetu Waorma walikatiza bwawani, kwato la mmoja likatitia palepale nilipokuwa nimepiga asubuhi. Kwenye shimo tulimwona samaki mkubwa kama paja la mtu, mzima, anapumua. Shangazi alimtazama samaki, akanigeukia.

"Alikuwa hapa! Umempigia nini, matanga?"

Jumatatu nilipakiwa kwenye lori la kwenda Nanighi, nikachunga mbuzi wa mama wakati wenzangu wakisoma. Sare yangu ya shule aliivaa Eliza.

Shule niliirudia kwa kuchelewa, na ni chuoni, nikiwa mtu mzima, ndipo mwalimu alipotueleza kosa la kuhesabu waliojibu tu na kuwasahau walionyamaza. Niliweka kalamu chini. Waliojibu tuliwala! Kila mwepesi wa kuamini mvua yangu aliishia chunguni, wakabaki wale ambao tangu mwanzo hawakuwa wepesi kuamini, na hao ndio wangezaa masika yakija. Ndiyo maana jamii ya samaki huyu imewazika dinosaria na bado ipo. Methali ya Shangazi hapo iligeuka, maana sikio lililosikia ndilo lililokufa. Vidole vyangu havikuwa na kosa lolote. Nililia darasani kwa hasira, watu wakadhani nimefiwa.

Kuna wanaoniambia nimsamehe Shangazi, kwamba alikuwa mjane na njaa ilikuwa njaa. Ni kweli, na nilikula chakula chake. Lakini mpaka leo nikishuka Minjila kuna wanaocheka: "Huyu ndiye yule aliyewafukuza samaki." Maneno hayo aliyatangaza yeye, na hajayafuta. Sijamsamehe.

Wiki iliyopita simu iliita, namba ya Eliza. Nikapokea.

"Rehema, mwanangu," ilisema sauti, nyembamba sasa, ya uzee, lakini ileile tamu. "Hebu njoo kidogo. Nimekukumbuka."

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kwa "Abee". Nikaufunga.

"Haloo? Rehema? Wanisikia?"

Nilimsikia vizuri. Nilisikia hata pumzi yake, na nyuma yake matone yakigonga, machache kwanza, kisha mengi. Huenda safari hii ilikuwa mvua ya kweli. Sikuitika.