Shanga Nyekundu Shingoni mwa Mtoto

Niliondoka Iringa mwaka 2009 kwa sababu ya shanga. Nilikuwa nimechora Bikira Maria na Mtoto kwenye ukuta wa kanisa letu, na sura nilizichukua kwa mke wangu, Stela, na mwanetu wa kwanza, tuliyemzika kabla hajaanza kutembea. Shingoni mwa Mtoto nilichora shanga nyekundu, zile mwanetu alizofungwa na mama yake kumkinga na husuda. Padre akaagiza nizifute. Kwake ule ulikuwa ushirikina.

"Ukizifuta," Stela akaniambia, "watu watasema mimi ndiye niliyemuua, kwa ushirikina wangu."

Roho haikutulia tena. Nilitaka kujua wachoraji wa zamani walifanyaje, na binamu yangu aliyehamia Brussels, penye makumbusho ya picha zao, akanialika.

Anderlecht, mtaa wa Brussels, jioni. Mke wa binamu yangu, Maman Béa, mzaliwa wa Lubumbashi, aliniandalia chakula. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi.

"Semeki, kaa basi," alisema, maana kwao shemeji ndiye semeki. "Musée inafungula kesho. Haiwezi kimbia."

Asubuhi, kwenye metro, kila kituo niliuliza kama tumefika. Ndani ya makumbusho nilizipita picha za wafalme bila kuzitazama, Maman Béa akihema nyuma yangu. Akina mama na watoto walikuwa wengi. Mtoto mmoja alishika tofaa, lile la kosa la Adamu. Kisha nikamwona mwingine, yuko uchi, shingoni ana shanga za marijani nyekundu. Nikamwita Maman Béa.

Maelezo pembeni yalikuwa ya Kifaransa. Nilimwomba anisomee.

"Bon. Baliandika asema ile corail balikuwa banavalisha batoto, juu ya kubalinda." Kuwalinda, basi, kama shanga za mwanetu. Akasogea karibu. "Alors, tena ni damu. Damu ya ku musalaba. Ni juu ya ile ule mama haiko anacheka."

Nilirudi nikawatazama akina mama wote pichani, mmoja mmoja. Kweli, hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimepata nilichokifuata, na bado nilitoka nje nikiwa na hasira, maana shanga za kumkinga mtoto zilikuwa pia za kumtabiria kifo.

Iringa tena. Padre alitazama kadi yenye picha ya Mtoto yule niliyomletea, akakuna kidevu, akasema shanga zibaki. Nilikwenda mbio kumpasha Stela habari. Nikamweleza na habari ya damu, maana kumficha sijui.

"Kwa hiyo yule mama alijua mtoto atakufa?"

"Walimchora kama anayejua."

"Na bado akamvalisha."

"Ndiyo."

Tulikwenda kanisani. Alisimama mbele ya ukuta, akiutazama uso wake mwenyewe.

"Mimi umenichora nacheka," alisema. "Futa hapo."